Je, Wajua? Pikipiki ya Mwanagenzi Inavyosukwa Upya

Mafundi wa gereji zetu wana neno wanalolipenda: kusuka. Injini ikianza kunywa oili na kutoa moshi, inashushwa, inafunguliwa, inasukwa. Viwandani nako kuna watu wanaosuka pikipiki nzima upya, tena si iliyochoka bali inayouzika bado, kwa sababu tu wakati umeanza kuipita. Kwangu mimi, kazi ngumu kuliko zote za aina hiyo ni kusuka pikipiki ya spoti ya bei nafuu, ile ya mtu anayejifunza. Anayesuka pikipiki ya dola 20,000 akitaka breki bora ataziweka, na mnunuzi atalipa. Anayesuka ya mwanagenzi akiongeza dola 50 kwenye breki, lazima azitafute kwenye taa au kwenye kiti, na anayemtengenezea ni kijana anayehesabu hela zake mara mbili huku bado hajui namna ya kushika breki hizo. Mambo ya ajabu yamejaa humo, na mengi yanaanzia kwenye pikipiki moja ya Kawasaki, Ninja 250.

Je, wajua kwamba Ninja ndogo ilikaa miaka ishirini karibu bila kuguswa? Umbo lililotoka kiwandani kwa mwaka 1988 ndilo lililokuwa likiuzwa Marekani mpaka 2007. Injini ilikuwa ya cc 248, silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, ikipozwa kwa maji, na gia sita. Saa ya mizunguko ilianza wekundu kwenye 14,000 kwa dakika. Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ilipotoka angeweza kufikisha umri wa leseni, akaenda dukani na kununua pikipiki ileile, mpya, na taa ileile ya pembe nne usoni.

Sababu ilikuwa hesabu tu. Gharama kubwa ya pikipiki yenye mwili wa plastiki iko kwenye kalibu, yaani vile vyuma vikubwa vinavyolipa kila kava umbo lake. Kalibu zikishalipiwa, kila kava linalotoka baada ya hapo ni la bei rahisi. Ndiyo maana mwaka 2007 Ninja 250 mpya ilipatikana Marekani kwa dola 2,999. Hakuna aliyeiona nzuri tena, lakini hakuna aliyeweza kubishana na bei hiyo.

Kilichoanza kuleta shida ni tairi. Miaka ya 1980 rimu za inchi 16 zilikuwa fasheni ya pikipiki za mbio, kwa imani kwamba gurudumu dogo linageuka haraka. Fasheni ikapita, dunia nzima ya spoti ikahamia inchi 17, na watengeneza tairi wakahama nayo. Mwenye Ninja ya zamani akienda dukani alikuta rafu nzima ya tairi nzuri za inchi 17 na zake mbili tatu za kuchagua pembeni. Pikipiki inaweza kuzeeka hivyo, huku yenyewe ikiwa nzima, kwa kuachwa na vitu vinavyoizunguka.

Je, wajua dola 500 zilinunua nini mwaka 2008? Mwaka huo Ninja 250R ilisukwa upya, ikawa inatengenezwa Thailand, na bei ya Marekani ikapanda kutoka 2,999 hadi 3,499. Kwa tofauti hiyo mnunuzi alipata rimu za inchi 17, shokapu za mbele zilizonenepeshwa kutoka milimita 36 hadi 37, diski ya breki ya mbele yenye kipenyo cha milimita 290, na makava mapya ya mwili mzima yaliyochongwa yafanane na ya kaka zake wakubwa wa cc 600 na 1,000. Kutoka mbali, ukiwa umesimama upande wa pili wa barabara, huwezi kuapa kwamba hiyo ni ya cc 250.

Sidharau jambo hilo la sura. Kuna wanaosema mwanagenzi anatakiwa anunue kitu cha kujifunzia, uzuri utakuja baadaye. Lakini kijana mwenye hela ya pikipiki ndogo na macho kwenye pikipiki kubwa ni mtu wa hatari: atajibana, atakopa, atanunua ya cc 600 yenye nguvu zaidi ya mara tatu, na somo lake la kwanza atalipata kwenye kona. Pikipiki ndogo inayomridhisha macho inamzuia asifanye hivyo. Kwa hesabu hiyo, makava yale yana kazi ya usalama sawasawa na breki.

Jambo ambalo halikuonekana kutoka upande wa pili wa barabara ni kwamba injini ya 2008 ilirudishwa nyuma kwa makusudi. Mwanzo wa wekundu ulishushwa kutoka 14,000 hadi 13,000. Mgandamizo ndani ya silinda ulipunguzwa kutoka 12.4 kwa 1 hadi 11.6 kwa 1. Wahandisi waliamua kwamba nguvu ya kileleni ipungue ili ya katikati iongezeke. Ukiwa na injini ya zamani, kuondoka kwenye taa kulikuwa na kelele nyingi na mwendo mdogo, mpaka uvute mafuta mno. Mwanagenzi anaogopa kelele. Akisikia injini inalia anaachia mafuta, pikipiki inazima katikati ya njia panda, na nyuma kuna lori. Anahitaji injini inayomvuta kwa upole kutoka chini, hata kama karatasi ya matangazo itaandikwa tarakimu isiyong'ara. Tangazo huuza tarakimu ya kileleni, kwa hiyo uamuzi wa namna hiyo unahitaji ujasiri.

Je, wajua kwamba pikipiki hiyohiyo ya 2008 ilikuwa na koo mbili? Iliyouzwa Ulaya ilipewa mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, kwa sababu sheria za moshi za Ulaya zilikuwa kali. Iliyouzwa Marekani ilibaki na kabureta mbili, na hiyo ilisaidia kushikilia bei ile ya 3,499. Mmarekani asubuhi ya baridi alivuta choki na kusubiri. Mzungu wa Ulaya alibonyeza kitufe akaondoka.

Ukitaka kujua injini hizi zinafanya kazi kiasi gani, chukua mizunguko 13,000 kwa dakika ugawe kwa 60. Unapata zaidi ya 216. Kila pistoni inapanda na kushuka mara 216 ndani ya sekunde moja, muda wa kutamka neno "pikipiki" na kubaki na nusu.

Je, wajua kwamba njia nyepesi ya kuongeza nguvu ni kurefusha safari ya pistoni? Kawasaki iliifuata njia hiyo baada ya mshindani kuja mwaka 2011. Honda ilileta CBR250R, nayo ikitengenezwa Thailand, yenye silinda moja tu ya cc 249.6. Silinda moja ina maana ya vipuri vichache, injini nyembamba, bei rafiki: Marekani iliuzwa kwa dola 3,999, na kwa kuongeza kidogo ulipata breki za ABS, zinazozuia gurudumu lisigande. Kileleni haikuifikia Ninja, lakini mtaani, pale kwenye mizunguko ya chini, silinda moja kubwa inavuta vizuri kuliko mbili ndogo.

Kawasaki ikajibu mwishoni mwa 2012 kwa Ninja 300. Kipenyo cha silinda waliacha kilekile, milimita 62. Walichorefusha ni safari ya pistoni ya kupanda na kushuka, kutoka milimita 41.2 hadi 49. Milimita 7.8, upana wa kidole kidogo cha mtoto, na injini ikawa ya cc 296. Honda nayo baadaye ikapandisha yake hadi cc 286. Yamaha ikaingia mwaka 2015 na YZF-R3 ya cc 321. Ukizitazama kwa pamoja, cc 250 ya wanagenzi ilikuwa inakua kama mtoto anayebadilishiwa sare za shule kila mwaka.

Lakini zawadi kubwa ya Ninja 300, kwa maoni yangu, ilikuwa klachi.

Mwanagenzi ana kosa moja ambalo karibu wote tunalifanya. Unakuja kwenye kona ukiwa na kasi, unaogopa, unashusha gia mbili kwa mpigo na kuachia klachi ghafla. Injini inalazimishwa izunguke kwa kasi ya tairi, inagoma, na tairi la nyuma linaanza kudunda na kuteleza. Kwenye mashindano tatizo hilo lilitatuliwa siku nyingi kwa klachi inayoteleza yenyewe. Ndani yake kuna vijino vilivyokatwa mshazari. Tairi likianza kuisukuma injini badala ya injini kulisukuma tairi, mshazari ule unazisogeza sahani za klachi ziachane kidogo, nguvu inavuja, na tairi linaendelea kuviringika kwa utulivu. Dereva hasikii kitu. Kosa lake limemezwa.

Utamu wa kifaa hicho ni upande wake wa pili. Ukivuta mafuta, mshazari mwingine unazibana sahani zilezile kwa nguvu zaidi, kadiri injini inavyovuta ndivyo zinavyobanana. Kwa kuwa mshazari unasaidia kubana, springi zinaweza kuwa laini, na springi zikiwa laini, mkono wa klachi unakuwa mwepesi. Kifaa kilichozaliwa kwa ajili ya mabingwa kikaishia kumpunguzia maumivu ya vidole mtu aliyekwama kwenye foleni. Kuiweka klachi ya namna hiyo kwenye pikipiki ya dola 4,799 ilikuwa heshima kwa mtu ambaye kwa kawaida hupewa mabaki.

Jingine dogo kutoka pikipiki hiyohiyo: nyuma ya feni ya rejeta waliweka kizuizi kinachoelekeza hewa ya moto chini, isimpige dereva mapajani. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya jua la saa nane atajua ukubwa wa jambo hilo.

Je, wajua kwamba tairi pana la nyuma linaweza kuwa pambo? Yamaha ilipoleta R15 nchini India mwaka 2008 iliwashangaza watu. Ilikuwa na cc 149.8, lakini ilipozwa kwa maji, ilikuwa na vali nne, gia sita, na fremu ya mtindo wa pikipiki zake za mbio. Tairi la nyuma lilikuwa jembamba, milimita 100, na kwa uzito ule lilitosha kabisa: tairi jembamba ni jepesi, linaondoka haraka na linainama kwenye kona bila ubishi. Wanunuzi hawakulikubali. Waliona mwili wa simba na mkia wa panya. Toleo la pili la mwaka 2011 likapewa tairi la milimita 130. Fizikia ilishindwa kwa kura, na kwa kuwa pikipiki haikuharibika, siwalaumu waliopiga kura hiyo.

Je, wajua kwamba pikipiki inaweza kuongezwa kasi bila injini kuguswa? Mwaka 2019 Yamaha R3 ilisukwa upya. Injini ile ile, fremu ile ile. Kilichobadilika zaidi ni hewa na mtu. Usukani ulishushwa milimita 22 ili dereva ainame zaidi. Sehemu ya juu ya tangi ilishushwa milimita 20, na tangi likapanuliwa ili magoti yalibane vizuri na kidevu kipate mahali pa kujificha. Makava ya mbele yalichongwa kwa kufuata pikipiki yao ya mashindano ya MotoGP. Yamaha ilisema ukinzani wa upepo ulipungua kwa asilimia 7 na kasi ya juu ikaongezeka kwa kilomita 8 kwa saa.

Hapa naona mzozo ambao hauishi. Kila milimita unayoshusha usukani inampunguzia dereva upepo na kumwongezea uzito kwenye viganja. Kwenye pikipiki za mbio za kweli usukani umefungwa chini kabisa. Baada ya nusu saa ya mjini mikono inakufa ganzi. Kwenye pikipiki nyingi za wanagenzi usukani umegawanyika vipande viwili kama wa mbio, ili macho yaridhike, ila umefungwa juu ili mgongo unyooke. Milimita 22 za Yamaha zilikuwa zimepimwa kwenye mpaka huo: zaidi ya hapo, mtu angeanza kulalamikia kiuno. Bei nayo haikuthubutu kusogea: mwaka 2015 R3 ilianza Marekani kwa dola 4,990, na hiyo ya 2019 isiyo na ABS ilikuwa 4,999.

Je, wajua kwamba sheria ya leseni inaweza kuichora pikipiki kuliko mchoraji? Jambo hili ndilo lililonifanya niandike.

Tangu Januari 2013 nchi za Umoja wa Ulaya zina leseni ya daraja la kati iitwayo A2, inayopatikana kuanzia umri wa miaka 18. Mwenye leseni hiyo haruhusiwi pikipiki yenye nguvu zaidi ya kilowati 35. Wengi wanaishia hapo. Kuna sharti la pili linalosahaulika: nguvu ikigawanywa kwa uzito isizidi kilowati 0.2 kwa kila kilo. Yaani pikipiki ya kilo 150 haiwezi kupewa kilowati 35 zote; mwisho wake ni 30. Waliotunga sheria walijua kwamba kinachomrusha mwanagenzi ni nguvu ikikutana na wepesi, wala si nguvu peke yake.

Sasa itazame Ninja 400 iliyotoka kwa mwaka 2018. Injini ilikua hadi cc 399, kipenyo cha silinda milimita 70 na safari ya pistoni milimita 51.8. Kwa kawaida injini ikikua, pikipiki inanenepa. Hii ilikonda. Fremu ya zamani iliondolewa, ikaja ya mabomba yaliyofungamana kama kenchi za paa, na injini yenyewe ikageuzwa kuwa sehemu ya mifupa, imeshikilia mzigo badala ya kuning'inia tu. Umbali kati ya matairi ulipunguzwa kutoka milimita 1,405 hadi 1,370, na pembe ya shokapu za mbele ikasimamishwa kutoka nyuzi 27 hadi 24.7 ili igeuke kwa wepesi. Matokeo yake ilikuwa nyepesi kuliko Ninja 300 kwa kilo 8. Hebu fikiria: cc 103 zimeongezwa na kilo 8 zimeondoka.

Lakini ya Ulaya, yenye ABS na tangi lililojaa, ilisimama kwenye kilo 168, na nguvu yake ilitangazwa kuwa kilowati 33.4. Piga hesabu mwenyewe: 33.4 kwa 168 ni 0.199. Sheria inasema 0.2. Imebaki nafasi ya kilowati 0.2 hivi, kama nguvu ya blenda ndogo ya juisi. Wangeiondolea kilo nyingine tatu, ingebidi waipunguzie nguvu. Wangeiongezea nusu kilowati, ingebidi wainenepeshe. Kila ninapoiangalia hesabu hiyo naona watu wamekaa mezani na mizani upande mmoja na kitabu cha sheria upande wa pili, wakiweka na kutoa mpaka ulimi wa mizani unatulia.

Japani nako mstari mwingine umechorwa kwingine. Huko pikipiki isiyozidi cc 250 haiendi kwenye ukaguzi wa lazima wa serikali, ambao ni wa gharama, na leseni ya kawaida ya pikipiki inaishia cc 400. Basi mwaka huohuo wa 2018, fremu ileile ya Ninja 400 ikatiwa injini ndogo na kuuzwa kama Ninja 250 Japani na Indonesia. Mwenye 250 akapata mifupa iliyokusudiwa kubeba cc 400. Sidhani kama kuna mnunuzi wa bei nafuu aliyewahi kupunjwa kwa namna nzuri hivyo.

Breki za ABS nazo ziliingia kwenye pikipiki za wanagenzi kwa mlango wa sheria. Ulaya ililazimisha kwa pikipiki zote mpya zinazozidi cc 125 kuanzia 2017, na India ikafuata 2019. Kabla ya hapo ABS ilikuwa nyongeza ya kulipia, na aliyeikwepa ili aokoe dola 300 alikuwa mara nyingi yuleyule aliyeihitaji kuliko wote.

Je, wajua kwamba iliwahi kujaribiwa njia ya kinyume kabisa? Kuanzia miaka ya 1980 kampuni za Japani zilikamiana kwa pikipiki za cc 250 zenye silinda nne. Pistoni zilikuwa ndogo kama vikombe vya kahawa, na Honda CBR250RR ilizunguka mpaka karibu 19,000. Nguvu zilifika 45 za farasi, kampuni zikakubaliana zenyewe kutozidi hapo, na mwaka 1992 kikomo kikashushwa hadi 40. Zilikuwa vito. Zilikuwa ghali kutengeneza, ngumu kusuka, na zikafa, huku ile Ninja ya silinda mbili yenye sura ya kizamani ikiendelea kuuzwa polepole. Mwaka 2020 Kawasaki ilifufua wazo hilo kwa ZX-25R iliyozinduliwa Indonesia, tamu masikioni, ila haikuwa tena ya mtu anayehesabu hela mara mbili.

Je, wajua kwamba pikipiki ya wanagenzi iliipa dunia bingwa wa kwanza wa kike wa mbio za pikipiki za barabarani anayeendesha peke yake? Mwaka 2017 yalianzishwa mashindano ya dunia ya Supersport 300, yaliyotumia pikipiki hizihizi za dukani: R3, Ninja, RC 390 ya KTM. Ili pasiwe na iliyozidi nyingine, waandaaji waliwekea kila aina kikomo chake cha mizunguko na uzito. Mwezi Septemba mwaka huo, huko Portimão Ureno, Mhispania Ana Carrasco, mwenye umri wa miaka 20, alishinda akiwa juu ya Ninja 300. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushinda mbio ya dunia ya pikipiki za barabarani akiendesha peke yake. Mwaka uliofuata alipanda Ninja 400, na kwenye mbio ya mwisho ya msimu, Magny-Cours Ufaransa, akatwaa ubingwa wa dunia kwa tofauti ya pointi moja.

Mwaka 2020 alianguka akifanya mazoezi Estoril akavunjika pingili za uti wa mgongo. Mwaka 2021 alirudi, na huko Misano akashinda tena. Watu waliokuwa wakisema pikipiki ya cc 300 au 400 ni ya kuchezea hadi ukue, wangemtazama mwanamke huyu akiingia kona ya mwisho katikati ya kundi la pikipiki kumi, zote za bei ya mwanafunzi, zimepishana kwa upana wa kiganja.

Je, wajua kwamba Boxer ya kijiweni na Ninja zina undugu? Bajaj ya India ilifunga mkataba wa ufundi na Kawasaki miaka ya 1980, na Boxer za mwanzo zilibeba majina yote mawili, Kawasaki Bajaj. Ni hiyohiyo Boxer ambayo leo inapandisha watu Kimara na Kawangware, na kubeba matenki ya maji na viti vya harusi. Undugu huo ulienda pia upande wa pili: Bajaj ndiyo iliyouza Ninja 250R nchini India kuanzia 2009 na Ninja 300 kuanzia 2013, mpaka kampuni hizo mbili zilipoachana kibiashara huko mwaka 2017. Hata baada ya kuachana, Ninja 300 haikuiaga India moja kwa moja. Mwaka 2021, wakati nchi nyingi zilikuwa zimeshahamia 400, ilirudi sokoni humo ikiwa na vipuri vingi vya kutengenezwa nchini, kwa rupia laki 3.18, na umbo lilelile la 2012. Kalibu zilikuwa zimeshalipiwa.

Kuna namna moja ya kusuka upya ambayo viwanda huitumia pale hela ya kalibu inapokosekana: rangi na stika. Mitambo haiguswi, kava haliguswi, stika tu zinachorwa upya na pikipiki inatangazwa kuwa ya mwaka mpya. Madereva wetu wa bodaboda wanaielewa sanaa hii bila kufundishwa. Kwa jina la mtoto ubavuni, vitambaa vya rangi kwenye usukani na taa za ziada, Boxer mia moja zilizotoka kontena moja zinakuwa pikipiki mia moja tofauti kabla mwezi haujaisha.

Na la mwisho. Ile Ninja 250 ya 2018, yenye fremu mpya ya mabomba na makava yasiyofanana hata kidogo na ya zamani, ukiifungua injini yake na kupima, utakuta silinda za milimita 62 na safari ya pistoni ya milimita 41.2. Vipimo vilevile vya pikipiki ya 1988. Rimu zilibadilika, breki zikabadilika, kabureta zikatupwa, nchi ya kiwanda ikahama, taa ya pembe nne ikawa LED mbili kali, na ndani kabisa, pistoni mbili bado zinapanda na kushuka umbali uleule waliokubaliana wahandisi wa miaka ya themanini.